Poleni sana familia ya Mzee wetu wa zimamoto

Mwandishi, katika makala yako ya kumuaga marehemu umeeleza vizuri utumishi wake wa zimamoto, ila nyumbani kwake umepapita haraka mno. Sisi majirani zake wa Mabatini, Mwanza, tulimjua kwanza kama baba. Akitoka zamu anapitia soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa, na Jumapili anafua sare za shule za wanawe kwa mikono yake. Wanaume wenzake walimcheka, wala hakujali.

Aliajiriwa zimamoto ikiwa bado chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya 2007 kuunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Huku kwetu nyumba zimepanda juu ya mawe, gari la zimamoto halizifikii. Walikuwa wanaburuta mipira ya maji kilimani kwa miguu. Kuhusu MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, hakuhadithia kamwe. Ukimuuliza, anageuka kuuliza kama wajukuu wamekula.

Hata alipostaafu alikagua mitungi yetu ya gesi bila kualikwa (tulimwona msumbufu, kusema kweli), na watoto wote wa mtaa aliwakaririsha 114, namba ya dharura ya zimamoto.

Mama, turubai na viti msikodi, tunaleta sisi jioni hii.