Wezi wanne jikoni

Kwanza niseme tu ukweli, ndizi nilinunua mimi mwenyewe.

Nilipohamia Parklands hapa Nairobi, hapo karibu na City Park, wiki ya kwanza nilikuwa kama mtalii. Kima wanakuja hadi kwa ukuta wa ploti, wale wa shingo nyeupe kama wamevaa kola ya padri, na mimi kila asubuhi naweka ndizi kwa dirisha la jikoni, napiga picha, naposti. Mzee wa chini akaniambia, kijana, hao ukiwapa leo kesho wanakuja kudai. Nikamwambia mzee wangu, tuishi nao kwa amani, hata wanyama wako na haki zao. Akaniangalia tu, akaendelea kupanguza gari.

Sasa Jumamosi moja niko bafuni, povu hadi kwa masikio, nikasikia kabati ya jikoni inafunguliwa. Na naishi peke yangu. Sufuria ikaanguka, kukawa kimya, halafu nikasikia ile karatasi ya mkate ikifunguliwa polepoleee, nikajua hawa ni wezi wamezoea kazi, hata haraka hawana. Nikapiga komeo. Bahati simu nilikuwa nayo hapo naskiza redio, nikapigia soja, nanong'ona:

"Boss, kuna watu kwangu. Wako kama wanne. Hawaongei, wanafanya kazi tu."

"Wako na bunduki?"

"Sijaona. Lakini mmoja anakohoa."

Dakika chache ploti yote iko kwa ngazi, soja na rungu, jamaa wa juu na chuma ya kitanda, mama fulani na mwiko, tena bado uko na ugali. Wakavunja mlango. Nikasikia "Laleni chini wote!" halafu kimya, halafu mtoto akaanza kucheka. Nikafunga taulo nikachungulia.

Kima mmoja. Mmoja! Amekaa juu ya friji, mashavu yamejaa mkate hadi yamefura, kifua chote unga wa ngano, ile pakiti ya kilo mbili nilikuwa nimenunua jana yake ya chapati, na alama za vidole vyake zimechorwa na unga kutoka dirishani hadi kabatini vizuri kabisa kama za mtoto wa nasari. Alituangalia kama sisi ndio tumeingia bila kubisha hodi.

Mzee wa chini akafika wa mwisho, akachungulia, akaniangalia na taulo yangu na povu.

"Haya, msomee haki zake."

Kima akashuka, akapitia kwa meza akachukua ndizi, akatoka na dirisha bila wasiwasi.

Na aibu yenyewe ni hii, hii Nairobi iko na mbuga ya simba tangu 1946, kilomita mraba 117, na upande wa kusini haina ua, kuna watu wanalala wakisikia simba na asubuhi wanapanda matatu kama kawaida. Mimi nimejifungia bafuni sababu ya kima na mkate.

Dirisha niliweka wavu wa waya. Mlango nililipa mwenyewe, soja alikataa kabisa hiyo maneno. Na kila jioni nikiingia geti lazima aniulize, na uso mkavu kabisa, "Boss, wale wanne wako poa?"