Njoo na begi moja, lakini njoo

Nina rai kwa Wakenya wenzangu tulio ughaibuni, hasa sisi wa Kisumu, Siaya na Vihiga: tuache kwenda nyumbani na masanduku. Begi moja la mkononi linatosha. Najua shangazi zangu watasoma haya, na najua methali watakayonijibu nayo: mkono mtupu haulambwi.

Huku Ujerumani ninakofanya kazi ya uuguzi, kusafiri na begi moja si jambo la kujadiliwa. Wenzangu wa zamu wakienda Mallorca, kisiwa cha Uhispania, wiki nzima, kila mmoja ana begi la mgongoni linaloingia chini ya kiti, basi. Wapo wanaofanya hivyo kwa kupenda, lakini sababu kubwa ni pesa. Mashirika ya ndege ya bei nafuu hukuuzia tikiti kwa bei ya jozi ya viatu, kisha yakadai pesa nyingine kwa kila begi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba begi la mkononi lenye ukubwa na uzito wa kadiri ni sehemu ya safari, lisilipiwe zaidi. Mwaka 2024 Uhispania ikatangaza faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa mashirika matano, kwa kutoza mabegi hayo na kwa makosa mengine. Hata hivyo abiria bado wanapimiwa mabegi langoni kwenye kile kifremu cha chuma. Kwa hiyo watu wamezoea: nguo za kufua usiku zikakauka asubuhi, viatu ni vile vilivyo mguuni, mafuta yamo kwenye vichupa vya mililita 100. Wakishuka kwenye ndege wanapita mkanda wa mizigo bila kuutazama, wanapanda treni. Hakuna anayewangoja.

Tofauti yetu na wao iko hapo. Anayekwenda Mallorca anakwenda baharini. Sisi tunakwenda kwa watu. Ndiyo maana siwezi kumcheka mtu anayejaza masanduku mawili, kwa sababu kila kitu kilichomo kina mwenyewe. Dada yangu hunitumia kwenye WhatsApp picha ya ukurasa wa daftari la hesabu. Mtoto amekanyaga katikati, mguu umezungushiwa kalamu ya wino, mstari umepinda penye kidole gumba kwa sababu alitekenywa akacheka, na pembeni kuna jina lake na maneno "ongeza kidogo, anakua". Nami huchukua vipimo kwa rula, naenda navyo dukani. Hela za M-Pesa haziwezi kumwambia mtoto yule kwamba shangazi yake anaujua mguu wake. Hilo nalikubali kabisa.

Lakini tutazame tunalipa nini. Sizungumzii ada ya kilo zilizozidi, wala aibu ya kufungua sanduku sakafuni pale kaunta huku foleni yote ikiangalia chupi zako. Tunacholipa ni kwamba watu hawaji. Nawajua waliokaa miaka mingi bila kuwaona wazazi wao, na nauli wanayo. Wanachokosa ni vya kujaza masanduku mawili ya kilo 23. Mtu anaanza kununua Januari kwa safari ya Desemba: simu ya huyu, marashi ya yule, jezi za vijana, seti ya sufuria. Kabati linajaa, orodha haipungui, mwisho anasema, "Wacha nijipange, nitakuja mwaka ujao." Mwaka ujao kuna watoto wapya waliozaliwa na wakaza-wana walioolewa, nao pia wana haki yao. Halafu simu ya usiku inaingia, anakwenda matangani, na safari hiyo ndiyo anayosafiri na begi moja bila mtu yeyote kumuuliza kitu. Nimeona haya yakiwapata watu ninaowapenda. Yananiuma, na ndiyo yanayonifanya niandike.

Tena vitu vyenyewe viko Kisumu. Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi uone kama kuna nguo ya Ulaya isiyokuwepo. Koti ninalonunua huku kwa bei ya dukani, mwenzake alishatangulia ndani ya belo la mitumba, akateremshwa Mombasa, akafika Kibuye na kupigiwa kelele na muuzaji aliyesimama juu ya meza. Simu, redio, pasi, blanketi, vyote vimejaa Oginga Odinga Street. Na ukimpeleka mtoto dukani huna haja ya daftari wala rula: mguu wenyewe upo, naye anachagua rangi. Pesa inabaki kwa mama muuzaji ambaye naye ana wanawe wa kulipia karo.

Isitoshe, msaada wa kweli hausafiri sandukuni siku hizi. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2024 tulituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Karo, dawa, mabati na mbolea hupita kwenye simu mwezi baada ya mwezi. Aliyetuma karo mwaka mzima hawezi kuhesabiwa kuwa amekuja mkono mtupu eti kwa sababu hakubeba manukato.

Safari yenyewe pia ina yake. Ukiwa na mizigo, Nairobi ni mwanzo tu wa shida. Ndege za kwenda Kisumu hukuruhusu kilo chache kuliko ile iliyokuleta kutoka Ulaya, kwa hiyo unalipa tena. Ukipanda basi, ni kama kilomita 350 kupitia Nakuru na Kericho, kisha matatu ya Maseno, ambapo makanga anakutoza kiti cha sanduku, kisha bodaboda wawili, mmoja wako na mmoja wa mzigo, kwenye barabara ya udongo iliyonyeshewa. Kila unapopita, masanduku yanatangaza kwamba mtu wa majuu amefika. Mwenye begi moja anashuka Maseno, anaruka juu ya pikipiki, na chai anainywa kabla giza halijaingia.

Mkononi utaruhusiwa kati ya kilo 7 na 12, kutegemea shirika. Pangia ile 7, kwa sababu ya ndege ya ndani. Mimi hubeba nguo za siku chache, maana nyumbani kuna maji, sabuni ya kipande na jua; nyingine naziacha huko huko, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nabeba dawa zangu, na kitu kimoja ambacho kweli hakipatikani karibu, kama miwani ya Mama iliyotengenezwa kwa vipimo vyake. Usifungie vitu kwenye mifuko ya plastiki ya dukani; imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Kama kuna safari ya kulipia sanduku, ni ya kurudi. Mzigo uelekee huku. Mwenyeji naye anataka kutoa, na ukija na masanduku mawili ya vitu vya Ulaya unamfanya aone haya kukufungia omena, wale dagaa wa ziwani. Ukija na kibegi, anafungua stoo kwa furaha. Kanuni za Umoja wa Ulaya mweleze tu mapema, asije akachinja bure: nyama na maziwa haviingii, kwa hiyo kuku wa kukaanga mle huko huko. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, na omena ni samaki. Matunda na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea tangu Desemba 2019, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani, basi maparachichi na mrenda viage mlangoni. Asali haizidi kilo 2. Njugu zilizosagwa zikiwa mkononi huhesabiwa kama kimiminika na hunyang'anywa pale penye ukaguzi. Ziwe za kukaanga, nzima, au ziingie sandukuni pamoja na unga wa wimbi.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa kazi Septemba 2024, vijana wetu wanaofika huku wanazidi, na mara wanaanza kufundishwa na Wakenya waliowatangulia kwamba haiwezekani kurudi bila masanduku. Nawaomba wasikubali. Waambieni watu wa nyumbani mapema, kwa sauti, si kwa ujumbe, na muanze na mkubwa wa familia. Mimi shangazi mmoja alininunia, na alikuwa na haki ya kununa. Nilikwenda kukaa kwake, tukashuka pamoja sokoni Luanda ya Vihiga, akachagua leso mwenyewe na bei akapatana mwenyewe. Rangi aliyoichagua nisingeidhania kamwe.