Momentamu imehifadhiwa, suruali yangu je?

Jamani, mimi sina ugomvi na fizikia. Yenyewe ndiyo imenianza, tena asubuhi, njia ya kwenda soko la Majengo, hata chai sijanywa.

Nimepanda boda. Dereva ananisimulia mambo ya Simba na Yanga, shingo kaigeuza kama bundi. Mbele kuna mkokoteni wa zabibu, mwenyewe kaenda kunywa supu, hata jiwe la kuzuia gurudumu hakuweka. Mimi "oya, oya!", yeye breki, na breki nayo ikaishia kusema fyiii. Puu! Taa ya mbele ikazama kwenye tenga, na sote, boda, mkokoteni na sisi wawili, tukaongozana kama msafara wa bwana harusi mpaka mbele ya mama vitumbua.

Jioni mpwa wangu wa kidato cha nne, badala ya kunipa pole, kachukua kalamu.

"Mjomba, huo ni mgongano usio nyumbufu."

Nikadhani katukana.

Kumbe ni kugongana na kunasana bila kudunda. Eti boda na sisi juu yake tuseme kilo 250, mkokoteni na mzigo wake kilo 250. Tulikuja na kilomita 20 kwa saa, tukanasa, tukaondoka pamoja na 10. Tungamo limekuwa mara mbili, mwendo nusu, kwa hiyo momentamu, yaani tungamo mara mwendo, ni ile ile. Newton kayaandika tangu 1687. Sawa, ila Newton hajalipia tenga.

"Nishati ya mwendo ndiyo imebaki nusu."

Nusu nyingine kala nani? Akaanza kutaja: rimu iliyopinda, kishindo, joto, zabibu zilizopondeka. Zilipondekea wapi hakusema! Kutwa nzima ofisini nimenukia kama pipa la mvinyo, nyuki wananisindikiza mpaka chooni. Bosi kaniita pembeni, kaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

"Na zile kilomita 10 za mwisho?"

"Msuguano, mjomba. Barabara imezipokea, yaani dunia nzima."

Dunia nzima! Lakini mwenye mkokoteni alipotoka kwenye supu, anafuta midomo, katika dunia nzima hiyo kamwona nani? Mimi. Dereva naye, mtu niliyemwamini na roho yangu, ananinyooshea kidole:

"Mzee huyu hapa ndiye mzito."