Ni Kondoo Tu Huyu!

Kazi yangu, ukiitazama kwa mbali, ni ya mtu aliyekosa kazi. Nasimama kando ya mtaro, mikono mfukoni, nawaangalia wenzangu wakichimba. Ndiyo akiolojia yenyewe hiyo. Kanisa la kale likitaka bomba la maji ya mvua, mtaro wake utapita kwenye makaburi ya karne nyingi, na lazima awepo mtu wa kusema "Simama!" kabla kijiko hakijamwamsha marehemu.

Dereva wetu wa kijiko alikuwa fundi hasa. Tulimfungia baketi bapa lisilo na meno, maana lenye meno huvuruga udongo na kufuta mipaka ya makaburi, naye akawa anaparua sentimita 10 kwa mara moja, utadhani anapaka siagi. Shida yake ilikuwa moja tu: wafu. Nilishamweleza kwamba uwanja wa kanisa la zamani haukosi mifupa iliyotawanyika, kwa kuwa kila kaburi jipya lilikata la zamani, na kwamba mifupa hiyo huzikwa tena kwa heshima. Akaitikia "Sawa mkuu" kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata neno moja.

Siku hiyo mashine tuliizima, ndani ndoa ilikuwa inafungwa. Nikashuka mtaroni kusafisha ukuta wa udongo kwa mwiko, yeye akanishikia ubao wa kipimo. Hadi hapo tulikuwa tumeambulia vipande vya viko vya udongo na misumari ya majeneza iliyoliwa na kutu. Mara bonge la udongo likaporomoka, na taya likatua juu ya buti lake, magego yote nje.

Kwa kitambi kile, sikutegemea angetoka mtaroni bila ngazi. Alitoka.

Nikaliokota taya. Lilikuwa na pengo refu kati ya meno ya mbele na magego, pengo ambalo binadamu hana. Kondoo! Magego yenyewe yalikuwa yamesagika vibaya, maana yake mnyama huyo alikula miaka mingi kabla hajaliwa yeye. Nikapanda ukingoni, taya juu, nikapaza sauti kumwelekea dereva aliyekuwa keshafika getini:

"Rudi bwana! Unakimbia nini? Ni kondoo tu huyu! Tena mzee! Meno yenyewe yamekwisha!"

Nyuma yangu mlango wa kanisa ulikuwa umefunguka. Nilipogeuka, bwana harusi alikuwa kwenye ngazi, mvi tupu, kamshika mkono bibi harusi ambaye mvi alikuwa anaziona kwa wengine tu. Wageni wakanitazama mimi, wakamtazama yeye, wakarudi kwangu.

Nikajaribu kueleza. Nikawaonyesha pengo, nikafafanua jinsi umri unavyosomwa kwenye magego. Kadiri nilivyofafanua, ndivyo bwana harusi alivyozidi kubana midomo. Mpiga picha akambembeleza atabasamu, akakataa katakata.

Hapo shangazi wa bibi harusi akamwinamia jirani yake, akanong'ona kwa sauti iliyofika hadi getini:

"Sasa huyu wa shimoni, hayo ya meno kaambiwa na nani?"