Kabla hujalipia njia tatu

Mtu akisema amenunua gari la umeme, swali la kwanza ni hili: "Kwako una njia tatu?" Yaani umeme wa fezi tatu, unaoingia nyumbani kwa nyaya tatu za moto badala ya moja. Akijibu kwamba ana njia moja, anaonewa huruma. Wapo walioahirisha kununua kwa sababu hiyo tu, wanasubiri kwanza wavutiwe laini mpya. Naona wengi wao wanasubiri kitu wasichokihitaji.

Chukua Nissan Leaf iliyotumika, inayotoka Japani. Fungua kifuniko cha mbele uangalie sehemu ya kuchajia ya nyumbani: ina matundu matano. Mawili ya umeme, moja la ethi, na mawili madogo ya gari na chaja kuwasiliana. Fezi ya pili na ya tatu hazina pa kuingilia. Ukiipeleka kwenye nyumba yenye njia tatu, itakula njia moja na kuziacha mbili kama zilivyo.

Na hiyo moja inatosha. Voti 230 kwa ampea 10 ni kilowati 2.3. Chomeka saa 5 usiku, chomoa saa 12 asubuhi: uniti (kilowati-saa) 16. Ukitoa zinazopotea njiani, unaamka na kilomita 80 au zaidi. Hapa Dar es Salaam, mtu wa Mbezi anayekwenda Posta, katikati ya jiji, na kurudi hafiki 60.

Hatari ninayoiogopa iko ukutani. Jirani yangu alichajia kwenye soketi ya sebuleni kupitia ekstensheni. Wiki ya pili alinionyesha plagi: upande wa fezi plastiki ilikuwa imegeuka kahawia, na ukiigusa inaunguza vidole. Soketi ile ilifungwa kwa ajili ya pasi na televisheni, vitu vya dakika au vya umeme mdogo. Ampea 10 kwa saa saba mfululizo, kila usiku, ni kazi nyingine kabisa. Fundi alivuta waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka meni swichi, akaweka breka yake peke yake na kifaa cha kukata umeme ukivuja, kisha akachimbia fimbo mpya ya ethi kwa sababu ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Laini ilibaki ileile ya njia moja.

Jambo lisiloulizwa kabisa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa bei zilizoanza 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iko kundi la D1, la matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti. Gari la kilomita 40 kwa siku linakula kama uniti 210 kwa mwezi, kwa hiyo unahamia kundi la T1, la matumizi ya kawaida: shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ni kama 356. Gari litakula karibu 75,000. Lakini na zile uniti 75 za taa, friji na feni nazo zinapanda bei, kama shilingi 17,500 zaidi kila mwezi, ingawa uniti hizo haziingii kwenye gari. Hata hivyo, kilomita hizo 1,200 kwa gari la petroli linalokwenda 12 kwa lita ni lita 100. Piga mwenyewe kwa bei ya kituo cha jirani.

Wanaotetea njia tatu wana hoja. Mwenye teksi tatu za umeme uani, au nyumba yenye jiko la umeme, viyoyozi na pampu, anahitaji kugawa mzigo. Yapo pia magari, hasa ya soko la Ulaya, yanayochaji kilowati 11 kwa fezi zote tatu. Na hoja yao nzito zaidi ni ya mtaa: nyumba kumi za fezi moja zikichaji saa 2 usiku, taa za walio mwisho wa laini zitafifia. Hilo ni kweli, na ndiyo maana nilisema saa 5. Wakati huo pasi zimezimwa, majiko yamepoa, na transfoma imepumua.

Jirani yangu sasa anachaji kwa ampea 16. Plagi yake asubuhi ni ya vuguvugu tu.