Setilaiti haijui jiwe lipi limetulia

Miaka kadhaa iliyopita nilipima shamba la ndugu wawili nje kidogo ya mji wa Kisoro, Uganda. Baba yao alikuwa amefariki na kila mmoja alitaka hati yake. Nikasimamisha mashine juu ya jiwe la mpaka la zamani, lile la zege lenye chuma katikati, nikapima kuanzia hapo kutwa nzima, nikarudi nyumbani roho kwatu. Wiki iliyofuata jirani wa upande wa chini akanijia juu: vipi ua wake umeingia shambani kwa watu? Tukachimbua habari, ikaonekana jiwe lile lilikuwa limeng'oka msimu mmoja kabla, wakati wa kuvuna viazi, na mtoto mwenye adabu zake akalirudisha "pale pale". Pale pale ya mtoto ilikuwa hatua nzima kando. Hesabu zangu hazikuwa na kosa hata moja, ila shamba zima lilikuwa limehama.

Jiwe hilo hunijia akilini kila mtu anaponionyesha zile picha za setilaiti zenye pete za rangi, zinazoonyesha ardhi ya volkano imesogea kiasi gani.

Huku kwetu picha hizo zilianza kutembea kwenye simu baada ya usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka. Anga ya upande wa Kongo ilikuwa nyekundu kama mdomo wa tanuru la matofali, na hakuna aliyelala mapema. Siku chache baadaye mzee mmoja anayelima viazi chini ya Muhabura, volkano ya kwetu, alinisimamisha njiani akiwa na simu ya mjukuu wake. Kwenye kioo kulikuwa na ramani ya Goma, mji wa Kongo chini ya Nyiragongo, na pete juu yake, nyekundu, njano, buluu, zimejipanga kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe.

"Sevea, wewe ni mtu wa ramani. Hii inasema sisi zamu yetu lini?"

Nikamweleza nilivyoweza, tumekaa juu ya magunia. Setilaiti inapita juu, karibu kilomita 700, inatuma wimbi la rada na kusikiliza mwangwi wake. Usiku hauizuii, mawingu hayaizuii, na kwa nchi zetu hizi za mawingu hiyo ni neema. Siku 12 baadaye inarudi kwenye njia ileile na kusikiliza tena. Kama ardhi imesogea kati ya safari hizo mbili, mwangwi unafika ukiwa umewahi au umechelewa kidogo mno. Wimbi la Sentinel-1, setilaiti ya Wazungu ambayo picha zake hutolewa bure, lina urefu wa sentimita 5.6. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, pete moja kamili ni nusu yake: ardhi imeisogelea setilaiti, au imejitenga nayo, kwa sentimita 2.8. Unene wa kiazi kidogo, uliopimwa kutoka nje ya hewa.

Sitaki mtu adhani naidharau kazi hii. Katika visiwa vya Galapagos, sakafu ya kreta, lile shimo kubwa la kileleni, ya volkano ya Sierra Negra ilipanda kwa zaidi ya mita sita kati ya 2005 na Juni 2018, ndipo mlima ukalipuka. Fikiria nyumba ya ghorofa mbili inayonyanyuliwa polepole kwa miaka kumi na mitatu mahali ambapo wengi wanaoishi ni kobe na mijusi. Bila rada ya angani na vituo vichache vya GPS mle ndani, nani angejua?

Ila ni visiwa hivyohivyo vinavyoifichua siri ya picha hizi. Pete haisemi "hapa pamepanda". Inasema "hapa pamepanda kuliko pale". Lazima pachaguliwe mahali pa kusema: hapa pametulia, pimeni kutoka hapa. Bara ni rahisi, unakwenda mbali na mlima, kilomita hamsini au mia, unachagua uwanda usio na shida. Kisiwani utakwenda wapi? Ukitoka kidogo uko baharini, na maji ya leo si ya wiki ijayo, mwangwi wake haulinganishiki. Kisiwa cha jirani nacho hukifikii, maana bahari imekata uzi katikati. Unabaki kuchagua jiwe mgongoni mwa mlima uleule unaoutilia shaka. Kisiwa kizima kikizama kwa pamoja, picha itatoka safi, haina pete hata moja, na watu watalala usingizi.

Wamayotte, watu wa kisiwa cha Mayotte karibu na Komoro, wanalijua hili, na lugha yao ni ndugu ya damu ya Kiswahili. Kuanzia Mei 2018 ardhi yao ilitetemeka miezi mfululizo, na kisiwa chao chote kikawa kinasogea mashariki na kushuka: zaidi ya sentimita 20 kwenda upande, zaidi ya 10 kwenda chini. Walioutoa uhakika huo ni vituo vya GPS, vyombo vilivyofungwa ardhini vinavyoulizwa kila siku viko wapi. Mkosaji mwenyewe alikuwa sakafuni mwa bahari, kilomita 50 hivi mashariki, ambako rada haioni kitu. Meli ilipokwenda kuangalia mwaka 2019 ilikuta volkano mpya kabisa, urefu wake yapata mita 800, imezaliwa bila mtu kuiona.

Halafu kuna hewa. Kule Sisilia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, pete zilionyesha mlima Etna wote unanywea kama puto, na habari ikachapishwa mwaka 1995 ikasifiwa sana. Miaka mitano baadaye wanasayansi wengine walirudia hesabu wakakuta sehemu kubwa ya kunywea kule inaweza kuwa ni unyevu tu. Hewa yenye mvuke hulichelewesha wimbi, na mlima mrefu huwa na hewa tofauti chini na juu. Mtu anayejua asubuhi za Kisoro, ukungu umejaa bondeni na kilele cha Muhabura kiko juani, hatashangaa.

Utaniambia Uganda haina bahari, haya yanatuhusu nini. Chukua picha ya rada ya milima yetu uone. Upande wa Kongo, lava kavu ya volkano ya Nyamulagira inang'aa, mwangwi wake haubadiliki mwaka hadi mwaka. Vuka mpaka uje kwetu: mianzi ya hifadhi ya Mgahinga, viazi, mahindi, maharage kwenye matuta, kila jani limegeuka kabla setilaiti haijarudi. Picha inakuwa chengachenga. Kinachobaki ni mabati ya mjini na miamba michache. Sisi nasi ni watu wa visiwani, visiwa vya mabati katika bahari ya kijani. Wimbi refu la NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025, ni la sentimita 24 hivi na hupenya majani vizuri zaidi. Nalo litauliza swali lilelile: jiwe gani limetulia?

Muhabura hauninyimi usingizi. Mlima Elgon, kule mashariki mwa nchi, ndio unaoninyima, volkano mzee asiyewaka tena lakini miteremko yake inaua: Bududa Machi 2010, Bulambuli Novemba 2024. Udongo unaoporomoka kwa mvua ya usiku mmoja hautasubiri setilaiti ya kila siku 12, na anayewaambia watu vinginevyo anawauzia mbuzi kwenye gunia. Lakini iko miteremko inayotambaa, mwaka huu kidogo, mwakani kidogo, mlango wa nyumba unaanza kugoma kufunga. Hiyo inapimika, ilimradi kuwe na kitu pale cha kulijibu wimbi.

Na kitu hicho hakihitaji mtaalamu wa ng'ambo. Ni mabamba matatu ya chuma yaliyochomelewa yakutane kama kona ya ndani ya sanduku, kila bamba mita moja hivi, yakaelekezwa kule setilaiti inakopita. Kwenye picha kona hiyo inawaka kama nyota. Fundi wa kuchomelea milango pale barabarani ataimaliza kabla ya jioni. Toboa matundu madogo, maji ya mvua yapite, na pia bamba lenye matundu halifai kuezekea banda wala kukaangia kitu, kwa hiyo wezi wa chuma chakavu watapungua hamu. Weka kumi kwenye mteremko, jenga nguzo ya GPS juu ya mwamba kando yake. Badala yake tunaitwa hotelini, chai saa nne, wali na kuku saa saba, tunafundishwa kupakua picha za rangi, tunapewa vyeti. Ninavyo vitatu.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia pete za Goma zilitokana na uji wa mawe uliopita chini ya mji kuelekea ziwa Kivu baada ya mlima kupasuka, na kwamba zilisaidia kujua umefika wapi. Kabla ya kupasuka hazikuonyesha kitu cha maana.

"Kumbe ni mgeni wa matanga," akasema.

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mwamba mweusi ambao babu yake alikuwa akinolea jembe. Huu, akasema, haujawahi kwenda popote. Niliutoboa nikapigilia msumari wa shaba, na kila nikipata mafuta ya pikipiki nakwenda kuiacha GPS juu yake saa nane nzima. Nimeshaupima mara nne. Kijijini sasa wanasema mzee anauza shamba kimyakimya, na wanawe wawili wameshanipigia simu kuuliza bei.