Makasha ya Askofu wa Trujillo

Mwaka 1788 askofu wa Trujillo, kaskazini mwa Peru, alimpelekea mfalme wa Hispania makasha 24. Ndani yake mlikuwa na mimea, wanyama waliokaushwa, mawe ya madini, na vyombo vya udongo vya watu walioishi pwani ile karne nyingi kabla Mhispania wa kwanza hajafika. Askofu huyo ni Baltasar Jaime Martínez Compañón, mzaliwa wa Navarra. Vyombo hivyo viko Madrid mpaka leo, katika jumba la makumbusho la Museo de América.

Wanaoandika habari zake humsifu sana, na sifa nyingine ni za haki. Kati ya 1782 na 1785 alizunguka jimbo lake lote, milima kwa pwani. Alipanga kuwajengea watoto wa wenyeji shule, wa kike na wa kiume. Alichorewa picha 1,411 za rangi zilizojaza majuzuu tisa: wafumaji, wavuvi, wagonjwa, ngoma, ndege, hata ramani ya magofu ya Chan Chan, mji mkuu wa kale wa Wachimu, watu waliotawala pwani ile kabla ya Wahispania. Sidhani yupo ofisa wa serikali ya kikoloni wa wakati wake aliyewatazama wenyeji wa pale kwa makini kiasi hicho.

Ila mimi nakwama kwenye vile vyombo. Wachimu walipenda udongo uliochomwa hadi ukawa mweusi, kisha wakausugua ukang'aa. Juu ya mtungi hupanda mirija miwili, ikapinda na kukutana, na pale inapokutana hutoka mdomo mmoja wa kumiminia. Mara nyingi kwenye maungio hayo mfinyanzi alikalisha tumbili mdogo, asiyezidi ncha ya kidole. Tumbili huyo hasaidii chochote katika kumimina maji. Aliwekwa kwa sababu fundi alitaka awepo. Vyombo vya namna hii walizikwa navyo wafu, na kwa sehemu kubwa vimetufikia kwa sababu kuna makaburi yaliyofukuliwa. Ukivisoma katika orodha ya askofu, iliyohifadhiwa mpaka leo, utakuta umbo la kila kimoja limeelezwa kwa uangalifu. Kaburi la nani, hakuna.

Kukusanya na kuharibu vilifanywa na watu wa kundi moja, wakati mwingine na mtu yuleyule. Francisco de Ávila alizaliwa Cusco, akawa padre wa Huarochirí, milimani juu ya Lima. Mwaka 1609 alipeleka Lima sanamu za miungu ya wenyeji pamoja na maiti zilizokaushwa za wazee wao, zikateketezwa hadharani uwanjani. Alipofariki mwaka 1647, mali yake iliandikwa, na vitabu vikapita 3,000, maktaba ambayo wachache sana Amerika nzima waliweza kuifikia. Kati ya karatasi zake palikuwa na andiko la Kikechua, lugha ya wenyeji wa milimani, lenye simulizi za miungu ileile aliyoichoma. Alilihitaji ili ajue cha kutafuta. Leo ni hazina, na liko Madrid pia.

Watawa wa kawaida walikuwa na vitabu vichache. Mfransisko, yaani mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, hakuruhusiwa kumiliki kitu, hivyo kitabu kiliandikwa kuwa ni cha matumizi ya ndugu fulani tu, na huko Mexico nyumba za watawa zilivipiga vitabu vyao chapa ya chuma cha moto kwenye kingo za kurasa.

Kwa msomaji wa Kiafrika kuna ukurasa mchungu zaidi. Mwaka 1767 mfalme Carlos III wa Hispania alipowafukuza Wajesuiti, shirika jingine la mapadre, mali zao zote ziliorodheshwa: vikombe vya misa, vitabu, ng'ombe, mashamba ya miwa. Humo humo wamo watu weusi waliokuwa watumwa wao, kila mmoja kwa jina, umri na bei. Karani hakubadilisha hata mwandiko alipotoka kwenye mifugo kuingia kwa watu. Ndiyo maana sikubali orodha hizi zisomwe kama ushahidi wa elimu na ladha nzuri ya mapadre peke yake. Wanahistoria wanaohesabu vitabu vya kasisi wahesabu pia watu aliowamiliki, tena katika sura ileile, si katika tanbihi.

Na vile vyombo vya Trujillo? Majuzuu ya picha yamewekwa mtandaoni, na mtoto wa Peru anaweza kuyafungua akiwa kwao. Mtungi hauguswi kwa njia hiyo. Naamini sehemu ya mkusanyiko ule inastahili kurudi kwenye pwani ulikotoka, na utakaobaki Madrid uandikwe kwanza kuwa ni kazi ya Wachimu au ya Wamoche waliowatangulia, jina la askofu lifuate chini. Katika majuzuu yale mna wimbo mmoja wenye maneno ya Kimochika, lugha ya pwani ileile ambayo leo haina tena wazungumzaji waliozaliwa nayo. Noti zake zipo na maneno yapo. Makundi ya muziki huupiga hata sasa, na wakiutangaza wanamtaja Martínez Compañón. Wawataje na Wamochika.